Mvumo Nyuma ya Kabati

Jumatatu, 4 Februari

Bado upo. Jana niliizima amplifaya kwa hasira nikaiacha ilale usiku kucha, kama mgonjwa wa homa. Asubuhi nimeiwasha – mmmmmm. Uleule. Mzito, wa chini, haupandi wala haushuki. Unausikia kwenye magego kabla haujafika masikioni.

Mke wangu Marlys katoka jikoni na kikombe chake cha kahawa, kasimama katikati ya sebule, kainamisha kichwa. Akasema nyuki wangu wameamka.

Nayaandika makubaliano ili nisije nikajifanya nimesahau. Jumamosi ya tarehe 16 ni zamu yangu kuwapokea wenzangu wa santuri, Orrin na Leland. Kama siku hiyo mvumo utakuwa bado upo, vyombo vyangu vyote vya muziki vinahamia chini, kwenye chumba cha tanuri la kupashia nyumba joto. Marlys hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga siku ya kufua. Hapo ndipo penye shida. Maneno aliyoyasema kwa ukali huyafuta kabla ya chakula cha jioni. Haya ya upole hubaki.

"Chini kuna nafasi tele," anasema. Ni kweli. Hata mto uliiona hiyo nafasi, mwaka ule wa mafuriko, ukaja kukaa wiki nzima.

Jumanne, 5 Februari

Orrin kapiga simu kunikumbusha Dakika. Kana kwamba Dakika inasahaulika! Kabla ya santuri yoyote kupigwa, mwenyeji anazima taa, anafungua sauti mpaka mwisho bila kupiga kitu, na wazee watatu wanafumba macho kusikiliza hakuna. Nyumba ikinyamaza, mwenyeji anapata heshima yake. Ikivuma, anawekewa santuri ya Leland ya bendi ya matarumbeta, pande zote mbili, na haruhusiwi kuguna. Orrin alikuwa fundi wa vinanda vya makanisani. Kwake yeye Dakika si mchezo, ni sala.

Jioni Leland kapita akitoka kliniki. Ni daktari wa meno, na dawa zake zote ni za kung'oa. Kaniletea adapta ndogo ya plagi mfukoni, ile inayoingiza miguu mitatu na kutoa miwili. Nikamwambia mguu wa tatu ndio wa kwenda ardhini. Akasema, "Bwana wee, huo ni kama gego la mwisho. Halina kazi, linakusumbua tu."

Nimechomeka adapta. Kimya!

Kimya cha ajabu. Nimecheza polka peke yangu kuanzia kabatini hadi dirishani. Marlys kaja, kasikiliza, kafurahi na yeye. Kisha akauliza huo mguu wa tatu ulikuwa unafanya kazi gani. Nikamweleza: waya ukilegea ndani na kugusa bati la nje, umeme unateremka ardhini badala ya kumpitia mtu.

"Na sasa utapita wapi?"

Alikuwa ameweka kiganja juu ya amplifaya. Ndivyo anavyofanya kila akiongeza sauti ya mieleka ya kwenye TV, anaiwekea kiganja kama anapima joto la mtoto.

Nimeing'oa adapta. Mimi, ninayekula pensheni ya kukagua nyumba zilizoungua kwa ajili ya watu wa bima! Nimewahi kuandika kwenye ripoti za nyumba za watu "uzembe wa mwenye nyumba." Mvumo umerudi, nami nimeukaribisha kwa heshima zote.

Jumatano, 6 Februari

Adapta ya Leland ni sumu lakini imenifundisha kitu. Amplifaya ina waya wake wa kwenda ardhini kupitia ukutani. Nikiukata, kimya. Maana yake kuna chombo kingine kabatini chenye njia yake ya pili ya kwenda ardhini, na njia hizo mbili hazipatani. Umeme kidogo unazunguka kati yao, na spika zinausikia ukipita.

Kwa hiyo si ugonjwa wa amplifaya. Ni ugomvi wa majirani. Namtafuta jirani wa pili.

Jumapili iliyopita nilimshuku panya.

Ijumaa, 8 Februari

Theluji tangu alfajiri. Siku nzuri ya kulala kifudifudi nyuma ya kabati na tochi mdomoni.

Nimeng'oa kila kitu. Amplifaya peke yake na spika: kimya kama kaburi. Vizuri. Ikaingia pleya ya santuri, ambayo nilikuwa nimeihukumu tangu mwanzo kwa sababu ina ule waya wake mwembamba wa ardhi, wa kufungwa nyuma – kimya. Nikaiomba radhi. Ikaingia deki ya kanda, kimya. Redio, yenye antena juu ya paa: huyu nilikuwa na hakika naye, nikamsogelea taratibu kama askari. Kimya. Nikarudisha na yale mengine yote yaliyobaki, nikajipangusa vumbi, nikafungua sauti.

Mmmmmm!

Hakuna aliyefanya, na bado limefanyika. Marlys, kutoka kitini kwake, kaniuliza kama nimejaribu kuwaombea.

Jumapili, 10 Februari

Baada ya misa tumekula kolachi, mikate midogo mitamu ya plamu, za jana lakini bado laini. Jana usiku timu yake ya mieleka ilishinda, na leo kanisani kamsimulia padri mzunguko kwa mzunguko, pamoja na vitendo. Padri katika mkono wa kushoto alikuwa na kikombe cha kahawa. Sasa hana.

Nataka kuandika jambo moja kabla sijaenda kujaribu tena.

Marlys alipika kwenye shule miaka thelathini. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuwasha majiko, kwa hiyo jioni saa mbili alikuwa ameshalala. Mimi nilibaki sebuleni na santuri zangu, sauti chini. Tulikuwa kama walinzi wa zamu mbili, tunapeana funguo. Kisha mwaka jana akastaafu. Oktoba, siku yake ya kuzaliwa, nikavuta waya kutoka kwenye king'amuzi cha TV hadi kwenye amplifaya, ili asikie mieleka kwenye spika kubwa. Mara ya kwanza mtu alipobwagwa mkekani, dirisha lilitikisika. Marlys akaweka chini sindano zake za kufuma. Akasema, "Duane, nimemsikia akitua."

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Mieleka yake ikiisha, santuri yangu. Anafuma. Akipenda wimbo sindano zinakwenda haraka, asipoupenda zinagongana. Sijawahi kuwa na msikilizaji mkali kama huyo.

Nikishuka chini nitakuwa na chumba kikubwa, sakafu ya saruji, tanuri linalokohoa, na sauti nzuri kabisa, na nitakuwa peke yangu. Sitaki. Basi. Nimesema.

Jumanne, 12 Februari

Hakuna jipya. Nimebadilisha nyaya mbili kwa nyingine mbili, ghali zaidi. Mvumo haujali bei.

Leland kaniuliza kwa simu kama ningependa matarumbeta yaanze na upande wa kwanza au wa pili.

Jumatano, 13 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimempata!

Twende polepole. Tulirudi kanisani, majivu kwenye paji la uso, mimi nikaenda jikoni kukaanga mayai. Sebuleni amplifaya ilikuwa inawaka, ikivuma kama kawaida, nimeshaizoea kama mtu anavyozoea maumivu ya goti. Marlys alikuwa anapangusa vumbi nyuma ya TV kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Ghafla nikashtuka. Sikujua nimeshtushwa na nini. Nilisimama na mwiko hewani. Kisha nikaelewa: nyumba imenyamaza.

Nikachungulia. Marlys alikuwa ameifungua kebo nyuma ya king'amuzi ili apitishe kitambaa. Ameishika mkononi, anapangusa, anaimba imba. Kimya kitupu. Akamaliza, akairudisha, akaikaza kwa vidole viwili.

Mmmmmm.

TV! Mimi TV sikuihesabu! Nimeng'oa kila kitu, nikarudisha kila kitu, na TV nikaiunga tena mwishoni kabisa pamoja na "yale mengine," kwa sababu kwangu TV si chombo cha muziki. Ni ya Marlys. Halafu ilikuwa imezimwa, rimoti iko chini ya mto wa kiti chake, nikasema aliyelala hana kesi. Wapenzi wote wa santuri duniani tuna kiburi hiki kimoja. Lakini kebo haihitaji TV iwashwe. Kebo inatoka nje, na nje ina ardhi yake.

Nikatoka na buti na tochi mchana kweupe. Nyuma ya nyumba, karibu na mlango, kuna nondo mpya imepigiliwa ardhini. Watu wa kebo walikuja Januari, baada ya barafu kukata waya wa mtaani. Badala ya kuunganisha kebo na ardhi ya nyumba upande wa mita, wakapigilia ya kwao. Ndiyo maana mvumo ulianza Januari. Ardhi mbili. Huyo ndiye jirani wa pili.

Nilirudi ndani nikiwa na ushindi mdomoni. Marlys akauliza nimeona nini huko nje.

Nikasema, "Theluji."

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Najua Marlys atasema nini. Atasema ng'oa basi, mimi nitaangalia juu chumbani kwenye ile TV ndogo ya antena. Na atakwenda. Naye akienda, tutakuwa tena walinzi wa zamu mbili.

Mayai yaliungua.

Alhamisi, 14 Februari

Nimewapigia watu wa kebo. Binti mwenye sauti ya asali akaniambia fundi atakuja tarehe 27, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Nikamwambia nina wageni Jumamosi. Akanitakia wakati mwema na wageni wangu.

Dukani nimenunua kidude cha kukata ardhi ya kebo bila kukata picha. Ndivyo alivyosema muuzaji. Nimekifunga Marlys akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mvumo ukafa papo hapo. Nikawasha TV kuhakikisha: chaneli ya mieleka imekuwa vipande vipande, mraba wa goti hapa, mraba wa sikio pale. Nikakifungua.

Nimemnunulia Marlys chokoleti za siku ya wapendanao, boksi kubwa kuliko kawaida. Akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akauliza nimevunja nini.

Ijumaa, 15 Februari

Samaki wa Kwaresima kwenye ukumbi wa parokia. Foleni hadi mlangoni, mafuta yananukia hadi barabarani. Tulikaa na Orrin na Leland. Orrin anakula polepole kama anatafuta noti. Leland anakula kama ana mgonjwa kitini.

Leland akaniuliza, mbele ya watu, kama nimeangalia kebo ya TV. Akasema dada yake kule Waterloo alisumbuka miezi miwili, kumbe kebo. Mara tisa kati ya kumi ni kebo. "Usiniambie hujaiangalia, bwana. Hata mtoto anaanzia hapo."

Nikasema nitaiangalia.

Marlys akaweka uma chini. Aliniangalia muda wa kutosha. Akaangalia paji langu la uso, pale majivu yalipokuwa Jumatano, siku niliyosema "theluji." Kisha akakamulia samaki wake limau, akaendelea kula.

Kwenye gari nilijaribu kuanza. Nikasema, unajua ile kebo. Akasema barabara inateleza, niangalie mbele.

Kesho saa kumi na moja na nusu timu yake inapambana kwenye ukumbi wake wa nyumbani, mechi kubwa ya mwaka. Saa hiyohiyo Orrin na Leland wanagonga mlango. Sikupanga mimi. Kalenda ilipanga.

Jumamosi, 16 Februari

Naandika jikoni. Nimewaambia nakuja kukoroga chungu. Chungu hakina haja ya kukorogwa, maharage na nyama vimeshaelewana tangu mchana. Kitambaa cha vyombo cha Marlys kiko mbele yangu mezani.

Asubuhi aliviringisha mikate ya mdalasini, kama alivyowafanyia watoto wa shule miaka yote. Hapa kwetu chungu cha maharage bila mkate wa mdalasini ni kosa. Hatukuzungumza habari ya kebo. Saa kumi na moja kavaa fulana yake ya mieleka, kachukua kapu la kufuma, kasema kichwa kinamgonga kidogo, atapumzika juu. Marlys hajawahi kuumwa kichwa siku ya mechi.

Nami nilikuwa nimeshaamua. Niliamua nikiwa nanyoa ndevu. Uvume tu! Niwaambie ukweli, nisikilize matarumbeta ya Leland pande zote mbili, na Jumapili nizungumze na Marlys kiume: chini siendi, juu haendi, tutangoja fundi wa tarehe 27 pamoja na nyuki.

Leland kafika na santuri yake chini ya kwapa, kaifunga kwa utepe. Orrin kavua viatu mlangoni. Tukakaa. Nikazima taa. Nikasema, jamani, kabla hatujaanza kuna jambo. Orrin akasema Dakika haina hotuba, fungua sauti.

Nikafungua sauti mpaka mwisho.

Hakuna.

Hakuna kabisa! Si mvumo, si mkwaruzo. Nilisikia theluji ikidondoka kutoka kwenye mfereji wa paa. Nilimsikia Leland akimeza mate. Nilikaa nimekodoa macho gizani nisielewe, na hapo nikaelewa.

Katikati ya kimya hicho, kupitia dari, kikaja kijisauti cha TV ndogo, chembamba kama cha mbu. Kisha Marlys, kwa sauti ile aliyokuwa akiwaita watoto kwenye foleni: "Mlaze! Mlaze chali!" Na mguu mmoja sakafuni – pu!

Wakacheka. Orrin akasema hiyo ya juu haihesabiki. Akanishika bega, akaniambia katika nyumba zote, na makanisa yote, hajapata kusikia Dakika safi kama hii. Macho yake yalikuwa yamelowa. Leland kaiweka santuri yake nyuma ya mgongo kama mtu aliyekuja na mwavuli siku ya jua.

Kwa hiyo nimeshinda. Vyombo vinabaki sebuleni. Kiti chake kimekaa wazi pembeni ya kabati, mto bado una shimo lake.

Walipokuwa wanabishana santuri gani itangulie, nikapiga magoti nyuma ya TV. Kebo ilikuwa imefunguliwa, imelazwa juu ya zulia, ncha yake imefungwa kwa kitambaa cha vyombo isije ikagusa kitu, na kitambaa kimefungwa kwa uzi wa sufu, ule wa kijani, wa sweta anayonifumia. Fundo zuri. Alilifunga wakati naoga. Hakuniambia, kama mimi nilivyomficha.

Nilimwonea huruma na nikamkasirikia na nikampenda, yote kwa mpigo, nikiwa nimepiga magoti na mtu mwenye soksi nyuma yangu akiuliza nimepoteza nini.

Nimelifungua fundo. Nimeikaza kebo kwa vidole viwili. Nimechukua kitambaa nikaja nacho hapa.

Sauti bado wameishusha, hawajasikia kitu. Leland anaita niamue: piano au wapiga fidla? Nasema amueni wenyewe.

Hatua kwenye ngazi.

Ni yeye. Kasimama mlangoni na kapu lake. Anasema amefuata mkate. Nikamuuliza matokeo. Anasema timu ziko sare, yamebaki mapambano ya wazito tu, lakini TV ile ya juu haina maana, watu wanaanguka kama soksi. Kauliza kama Dakika imekwisha. Nikasema imekwisha. Mmepita? Tumepita. "Basi vizuri," kasema, na kachukua mkate, lakini harudi juu. Anakula amesimama, sukari kwenye kidevu. Anajifanya haoni kwamba naandika, nami najifanya naandika.

Sebuleni kuna mtu amefungua sauti.

Mmmmmm.

Orrin anauliza kwa nguvu, Duane, nani kawarudisha nyuki? Leland anacheka, nasikia utepe unafunguliwa.

Marlys ameacha kutafuna. Kaniangalia. Kakiangalia kitambaa chake hapa mezani, na uzi wa kijani juu yake. Kaweka kapu chini. Anakichukua kitambaa, anajipangusa sukari kidevuni.